Maneno Yanayoua na Maneno Yanayookoa: Historia ambayo kijana mkimbizi anapaswa kuijua

Sisi tunaoishi Niboye, barabara ya kwenda Bugesera tunaijua vizuri. Inatoka Sonatube, inapita Kicukiro Centre, inapanda Nyanza, inashuka Gahanga, inavuka mto Nyabarongo, halafu unafika Nyamata. Wengi wetu tunaipita kwa basi, masikio yamejaa muziki wa simu, bila kujua kwamba kwenye barabara hiyo moja kuna historia nzima ya maneno na sheria.

Tunaandika hii kwa sababu katika kikundi chetu cha vijana kuna mabishano yasiyoisha. Wengine wanasema: sheria zinazobana maneno ni za kutufunga mdomo tu, mtu aseme anachotaka. Wengine wanasema: hapana, sisi tumekimbia vita kwa sababu ya maneno, kila neno baya lifungiwe. Pande zote mbili zina watu wenye akili, na wote wana makovu. Sisi tulikaa tukasoma, tukauliza wazee, tukaona historia haimpi ushindi yeyote kati yao. Inasema kitu cha tatu. Sheria inafaa pale inapojua kutofautisha neno linaloua na neno linaloudhi tu. Ikishindwa kutofautisha, watu wanakufa upande mmoja au wananyamazishwa upande wa pili.

Tuanze Nyamata.

Tangazo la Machi 1992

Tarehe 3 Machi 1992, Radio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma tangazo, na ikalirudia mara kadhaa. Lilisema eti limetoka kwa kikundi cha haki za binadamu kilichopo Nairobi, na kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Ilikuwa uongo. Lakini redio ya serikali ikisema kitu, mwananchi wa kijijini anauliza nani? Simu hana, gazeti halimfikii. Siku iliyofuata mauaji yalianza Bugesera, na mamia ya Watutsi waliuawa kwa siku chache.

Huko Nyamata aliishi mama mmoja Mwitaliano, Antonia Locatelli, aliyekuwa amekaa hapo miaka mingi akifanya kazi za kijamii. Alipiga simu kwa redio za nje, akasimulia anachokiona kwa macho yake: kwamba haya si hasira ya ghafla ya wananchi, ni kitu kilichopangwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi alipigwa risasi akafa. Kaburi lake liko kando ya kanisa la Nyamata mpaka leo.

Tazameni hapo. Wiki moja, eneo moja, na watu wawili wametumia redio. Mmoja amesoma karatasi ya uongo, watu wakafa. Mwingine amesema ukweli, na yeye ndo akauawa. Kwa hiyo anayesema "tufunge midomo yote" angemfunga na Locatelli. Na anayesema "kila mtu aseme anachotaka" angeliacha na lile tangazo.

Mkurugenzi wa ofisi ya habari ya serikali wakati huo, ORINFOR, alikuwa Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Baada ya mambo ya Bugesera aliondolewa kwenye kazi hiyo. Lakini hakufikishwa mahakamani kwa tangazo lile. Jina hilo mlikumbuke, tutalikuta tena.

Redio iliyopendwa

Tarehe 8 Julai 1993 redio mpya ilianza kusikika: RTLM, yaani Radio Télévision Libre des Mille Collines. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa huyohuyo Nahimana. Mwingine alikuwa Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, mtu wa wizara ya mambo ya nje. Mfanyabiashara tajiri Félicien Kabuga alikuwa mkuu wa kamati iliyoianzisha.

Vijana wengi wakisikia habari za RTLM wanafikiri ilikuwa redio ya kupiga kelele za chuki asubuhi hadi jioni. Wazee wanatuambia haikuwa hivyo, na hukumu ya mahakama inaonyesha hivyo pia. RTLM ilikuwa tamu. Radio Rwanda ilikuwa inazungumza kama barua ya ofisi. RTLM ilikuwa na muziki mzuri, utani, watangazaji wanaoongea lugha ya mtaani, wasikilizaji wanapiga simu wanataja mitaa yao. Ulikuwa unaisikiliza kwenye baa, kwenye teksi, na baadaye kwenye vizuizi vya barabarani. Chuki ilipita katikati ya kicheko. Neno "inyenzi", mende, lilianza kama jina la wapiganaji, likaishia kuwa jina la jirani yako na mtoto wake mchanga.

Na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Sheria ilikuwepo. Rwanda ilikuwa na sheria ya habari tangu mwaka 1991. RTLM ilikuwa imesaini mkataba na serikali wa kutochochea chuki na fujo. Na kulikuwa na mtu aliyejaribu kuitumia sheria hiyo: Faustin Rucogoza, Waziri wa Habari. Tarehe 26 Novemba 1993 aliwaita wakubwa wa RTLM akawaonya kwamba wanavunja mkataba. Aliwaita tena tarehe 10 Februari 1994. Wakamjibu, wakabishana naye, na redio yenyewe ikamsema vibaya hewani. Hakuwa na nguvu ya kuifunga, kwa sababu waliokuwa nyuma ya redio walikuwa na nguvu kuliko wizara yake. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji, Rucogoza aliuawa pamoja na watu wa familia yake.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba shida ilikuwa kukosa sheria. Sheria bila mkono wa kuitekeleza ni karatasi tu. Na waziri mwenye karatasi peke yake ni mtu wa kuuawa.

Uvumi uliofika Kicukiro

Ndege ya Rais Habyarimana iliangushwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. RTLM ilieneza kwamba Wabelgiji wa jeshi la Umoja wa Mataifa wana mkono katika jambo hilo. Maneno hayo yalizunguka pia katika kambi za jeshi. Tarehe 7 Aprili askari kumi wa Kibelgiji, waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, waliuawa ndani ya Camp Kigali. Waziri Mkuu naye aliuawa siku hiyohiyo. Ubelgiji ikaanza kuwatoa askari wake.

Sasa njoo hapa kwetu Kicukiro. Shule ya ufundi ya ETO, ambayo leo ni chuo, ilikuwa na kikosi cha Wabelgiji wasiofika mia moja. Zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia pale kwa sababu ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari wale waliamriwa kuondoka. Magari yalipotoka, wauaji walikuwa wanasubiri nje ya uzio. Watu wale walipelekwa kwa miguu, wakipandishwa barabara ile tuliyoitaja, hadi Nyanza, na huko wakauawa. Leo pale kuna mahali pa ukumbusho.

Hatusemi uvumi mmoja ndo uliosababisha yote. Mauaji yalipangwa, silaha ziliagizwa, orodha ziliandikwa. Lakini uvumi ule ulikuwa na kazi yake: ulisaidia kumfanya mlinzi awe adui, na mlinzi alipoondoka, mlango ukabaki wazi.

Katika siku zile RTLM ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Ilitaja magari. Halafu watu wa vizuizi wakaenda. Jenerali Roméo Dallaire wa UNAMIR aliomba nchi kubwa zizuie mawimbi ya redio hiyo. Tarehe 5 Mei 1994 barua ya ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilisema ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu kama dola 8,500 kwa saa, na kwamba kuna matatizo ya kisheria pia. Haikufanyika. Jamani, hata "uhuru wa mawimbi" uliweza kutajwa kama sababu ya kukaa kimya wakati watu wanatajwa majina ili wafe.

Arusha: majaji wanatafuta mstari

Baada ya vita, swali lilikuwa gumu. Mtu aliyeshika panga unamhukumu kwa panga. Mtu aliyeshika kipaza sauti unamhukumu kwa nini?

Dunia ilikuwa imeshakutana na swali hili kabla. Huko Nuremberg mwaka 1946, Julius Streicher, mwenye gazeti la Der Stürmer lililowatukana Wayahudi kwa miaka mingi, alihukumiwa kifo. Lakini Hans Fritzsche, mtangazaji wa redio wa Wanazi, aliachiwa huru na mahakama hiyohiyo, kwa sababu majaji hawakuona kwamba maneno yake yalikusudia kuwachochea watu wafanye ukatili. Miaka miwili baadaye, tarehe 9 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Ndani yake kuna kosa linaitwa uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani. Shikeni maneno hayo mawili: moja kwa moja, na hadharani.

Kesi ya vyombo vya habari ilianza Arusha, Tanzania, tarehe 23 Oktoba 2000, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda. Washtakiwa walikuwa watatu: Nahimana na Barayagwiza wa RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, lile lililochapisha "amri kumi" za kuwachukia Watutsi mwezi Desemba 1990. Jaji kiongozi alikuwa Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hukumu ilitoka tarehe 3 Desemba 2003: Nahimana na Ngeze kifungo cha maisha, Barayagwiza miaka 35.

Halafu ikaja rufaa, tarehe 28 Novemba 2007. Vifungo vikapunguzwa: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Watu wengi waliumia, wakaona ni kama maumivu yao yamepunguzwa. Tunawaelewa. Lakini ukiangalia sababu, utaona majaji walikuwa wanatafuta ule mstari. Walisema mahakama ile ina mamlaka juu ya mambo ya mwaka 1994 tu, kwa hiyo matoleo ya Kangura ya 1990 hayawezi kuwa kosa lenyewe hapo. Walisema maneno ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili yalikuwa ya chuki, lakini haikuthibitishwa bila shaka kwamba yalikuwa wito wa moja kwa moja wa kuua. Yale ya baada ya tarehe 6 Aprili, ndiyo, yalikuwa wito, na Nahimana aliwajibishwa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuwazuia watangazaji na hakuwazuia.

Kuna kesi nyingine inayoonyesha mstari huo vizuri zaidi. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu, nyimbo zake zilipigwa sana RTLM. Wengi walitegemea atahukumiwa kwa nyimbo. Tarehe 2 Desemba 2008 alipewa miaka 15, lakini si kwa nyimbo. Alihukumiwa kwa sababu mwishoni mwa Juni 1994, katika msafara wa magari huko magharibi mwa nchi, alitumia kipaza sauti kuwaambia watu wawamalize Watutsi, na aliporudi akawauliza kama kazi imefanyika. Wimbo wa chuki ni kitu kibaya. Lakini kipaza sauti barabarani, wauaji mbele yako, na swali "mmemaliza?", hapo hakuna mashaka tena.

Na tuseme wazi kwamba si kila aliyesema alihukumiwa. Sisi tuliotoka Kongo tunajua mfano wa Abdoulaye Yerodia Ndombasi. Mwezi Agosti 1998, vita vilipoanza, alitoa hotuba Kinshasa akiwafananisha Watutsi na wadudu wa kuangamizwa. Watu walikamatwa, wengine waliuawa. Tarehe 11 Aprili 2000 jaji wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata. Lakini wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilisema hati hiyo imevunja kinga ya waziri. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa makamu wanne wa rais. Ndiyo hivyo. Wengi wetu tulizaliwa karibu na miaka ile, na majina tunayoitwa leo kwenye mitandao yana harufu ya hotuba zile, kwa sababu hazikuwahi kujibiwa mahakamani.

Upande wa pili: sheria ikiwa pana kama wavu

Sasa wale wanaopenda "kila kitu kifungwe" na wao wasikilize.

Baada ya 1994 Rwanda ilitunga sheria kali, na sababu yake tumeieleza. Ya mwaka 2008 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari ilikosolewa na mashirika ya haki za binadamu kwamba maneno yake ni mapana mno, mtu hajui hasa amekatazwa nini. Serikali iliibadilisha mwaka 2013 ili kosa lielezwe kwa uwazi zaidi, halafu ikatoka nyingine mwaka 2018. Mwezi Aprili 2019 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya hapa Rwanda ilifuta kifungu kilichofanya kuwachora viongozi kwa kuwadhihaki kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo hata hapa, mahali palipo na sababu nzito kuliko mahali pengi duniani ya kuogopa maneno, sheria bado inakatwa na kushonwa upya ili itoshe mwili.

Burundi inatuonyesha nini kinatokea redio zikifa. Tarehe 13 Mei 2015 kulikuwa na jaribio la mapinduzi Bujumbura. Ndani ya siku mbili redio binafsi zilivamiwa na kuharibiwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, na hata Rema FM iliyokuwa upande wa serikali. Waandishi wengi walikimbilia Kigali. Je, Warundi walinyamaza? Hapana. Habari zilihamia WhatsApp. Pamoja nazo ulihamia uvumi, picha za maiti za nchi nyingine, orodha za majina zisizo na mwenyewe. Ndugu zetu wa Mahama waliofika miezi ile wanasimulia jinsi mtu alivyolala na simu sikioni, hajui ni habari gani ya kweli. Ukiua redio yenye jina na anwani, unabaki na sauti isiyo na uso. Redio unaweza kuishtaki. Sauti isiyo na uso utaishtaki wapi?

Waandishi wale wa Burundi waliendelea kutoa vipindi kutoka hapa Kigali, Inzamba na Humura, vikisambaa kwa simu. Lakini mwezi Machi 2021, nchi mbili zilipokuwa zinatengeneza uhusiano, RPA, Renaissance na Inzamba waliambiwa wasimamishe kurusha vipindi kutoka Rwanda.

Na hapa kuna kitu kinatuhusu sisi wakimbizi kabisa, na wachache wameambiwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliosainiwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, una kifungu cha tatu. Kinasema nchi zitawazuia wakimbizi wanaoishi kwao wasiishambulie nchi nyingine mwanachama, iwe kwa silaha, kwa magazeti, au kwa redio. Ndiyo, redio imeandikwa pamoja na silaha, tangu mwaka 1969. Na Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha pili, unasema mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi iliyompokea. Hapa Rwanda sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya mtandao inaadhibu pia mtu anayeeneza uvumi wa kuwatia watu hofu au kuleta fujo. Haiulizi kama una kitambulisho cha raia au kadi ya mkimbizi.

Kwa hiyo kijana mkimbizi anabanwa pande mbili. Maneno ya chuki yakizunguka, sisi ndo tunaumia wa kwanza. Na sheria pana ikitumika, sisi ndo hatuna wakili. Ndiyo maana hatuwezi kuwaachia watu wakubwa peke yao swali la mstari uko wapi.

Maswali sita, kwa simu yetu

Mwezi Oktoba 2012 wataalamu waliokusanywa na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa walikutana Rabat, Morocco, wakatoa mpango unaosaidia majaji kupima kama neno limefikia kiwango cha uchochezi. Una mambo sita. Sisi tumeyageuza kuwa maswali ya simu, kwa sababu chuki ya siku hizi haiji na gazeti. Inakuja na vokali, yaani ujumbe wa sauti, saa nne usiku, kwenye grupu la watu 200.

La kwanza: wakati gani? Neno lilelile siku ya amani na siku ambayo mji umeanguka si neno moja. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, vokali zilikuwa nyingi kuliko salamu. Siku kama hizo pima mara mbili.

La pili: nani anasema? Mlevi wa baa si sawa na mchungaji, chifu, msanii au kiongozi wa kambi. Anayesikilizwa anabeba mzigo mkubwa.

La tatu: anataka nini? Anaeleza uchungu wake, au anataka mtu aguswe?

La nne: anasema nini hasa, na kwa namna gani? Je, kuna jina, picha, namba ya nyumba? Je, watu wanaitwa wadudu, nyoka, sumu? RTLM ilikuwa na vyote viwili, majina na wadudu.

La tano: inafika kwa wangapi? Mezani kwa watu watatu, au grupu tano kwa dakika moja?

La sita: je, kuna uwezekano wa kweli kwamba mtu atainuka akafanye? Kama aliyetajwa anakaa jirani na wanaosikiliza, jibu unalo.

Tuchukue mifano miwili ya aina tunazoziona sana. Mtu anaandika: "Chakula kimepunguzwa, shirika halitujali, viongozi wetu wa kambi wanajali matumbo yao." Haya yanaudhi, labda mengine si kweli. Lakini hayamwiti mtu kumdhuru mtu. Hayo ni malalamiko, na mkimbizi ana haki ya kulalamika. Ninyi wa mashirika mnaotusoma, tunawaomba msiyaite uchochezi. Yajibuni. Mkichelewa kueleza kwa nini msaada umepungua, au orodha fulani ni ya nini, msifikiri nafasi hiyo inabaki tupu. Uvumi unaingia na kukaa kwenye kiti chenu.

Mfano wa pili, vokali: "Ile familia ya mlango wa bluu karibu na bomba, ndo wanapeleka habari kwa adui, mnajua la kufanya." Hakuna tusi hata moja hapo. Sauti ni ya upole. Lakini kuna mahali, kuna watu, kuna wito. Hili ndo neno linaloua. Usilifowadi hata kwa kusema "jamani tazameni uovu huu", kwa sababu mlango wa bluu unazidi kujulikana. Lihifadhi kama ushahidi, mpelekee mtu unayemwamini mwenye wajibu wa ulinzi, na familia ile ijulishwe kimyakimya. Halafu kwenye grupu sema maneno machache: habari hii haina ushahidi, isitumwe mahali.

Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Leo ulimi uko kwenye kidole gumba.

Tunachosema sisi

Tunawaambia wenzetu wa "kila mtu aseme": Rucogoza hakuwa adui wa uhuru. Alikuwa anajaribu kuzuia redio iliyokuwa inaelekea kuua, na angesaidiwa, labda watu wengi wangeishi. Na tunawaambia wenzetu wa "kila kitu kifungwe": Locatelli naye alisema mambo ambayo wenye nguvu hawakutaka yasikike. Sheria mnayoitaka ingekuwa imemnyamazisha yeye kwanza, kisha wengine.

Majaji wa Arusha walichukua miaka saba, kuanzia siku ya kwanza ya kesi hadi rufaa, kutafuta mstari kati ya neno baya na neno linaloua. Sisi kwenye simu tuna sekunde chache. Hatuwezi kuwa majaji, lakini tunaweza kuuliza yale maswali sita kabla kidole hakijabonyeza. Anayetakiwa kuyauliza ni yule mwenye simu wakati huo, na mara nyingi ni mmoja wetu.